Reki inavuja na usukani unacheza: nibadilishe nini kwenye pikapu ya zamani?

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina pikapu ya mwaka 2003, ina gia za mbele na nyuma, yaani inavuta kwa matairi yote manne, imeshatembea kilomita 340,000. Usukani unacheza karibu vidole vitatu kabla matairi hayajaitika, na barabara kuu napigana nayo isitoke kwenye mstari. Nikipita kwenye matuta nasikia ko-ko chini, upande wa kushoto. Oili ya usukani naongeza kila baada ya wiki mbili, na ule mpira wa vumbi wa upande wa dereva umelowa chapachapa. Tena ikifika kasi ya 90 usukani unatetemeka. Fundi wa kwanza kasema nibadilishe reki tu, mambo yataisha. Wa pili kasema ile nati ya reki inakazwa, nisitupe pesa. Wa tatu anataka tubadilishe mbele kote. Nina jeki, stendi mbili na spana za kutosha, na mikono yangu si migeni kwenye grisi. Nimsikilize nani? Na kazi hii naiweza?"

Jibu:

Mafundi watatu, majibu matatu, na ajabu ni kwamba kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Shida ni kwamba malalamiko yako manne yamechukuliwa kama ugonjwa mmoja: oili inavuja, usukani unacheza, kuna kitu kinagonga, na gari linatetemeka kwenye 90. Reki, ule mtambo unaogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kushoto na kulia, ndiyo iliyolowa, kwa hiyo ikabebeshwa kesi yote. Nami nakubali reki yako ibadilishwe, ila kosa lake lililothibitika mpaka sasa ni moja tu, la kuvuja. Hayo mengine hayana ushahidi bado, na ushahidi huo utaupata kwa nusu saa chini ya gari kabla hujanunua hata bushi moja.

Kwanza tutoe lisilohusika. Mtetemo unaoanza kwenye kasi fulani na kupungua ukiipita, mara nyingi ni wa matairi: balansi imetoka, ringi imepinda, au tairi limefura au limelika vibaya. Reki iliyochoka haianzishi mtetemo. Inachofanya, pamoja na viungo vingine vilivyolegea, ni kuuachia njia ufike mikononi mwako. Kama ungetetemeka pale tu unapokanyaga breki, ningekutuma kwenye diski. Peleka matairi yakafanyiwe balansi na upime upepo. Usishangae hata kule kupigana na gari kukapungua, kwa sababu pikapu yenye upepo tofauti kati ya tairi na tairi huzurura barabarani hata viungo vyake vikiwa vipya kabisa.

Sasa tuje kwenye reki yenyewe. Ndani yake kuna fimbo ndefu yenye meno, na juu ya meno hayo kuna pinioni, gia ndogo iliyofungwa mwisho wa shafti ya usukani. Ukikata usukani, pinioni inaisukuma fimbo kushoto au kulia. Kwenye kila ncha ya fimbo kuna reki endi, kiungo cha gololi kilichojificha ndani ya mpira wa vumbi. Reki endi inashika tairodi endi, nayo tairodi endi inashika nako, kile chuma kinachobeba habu ya tairi. Nguvu ya oili inaingia hivi: ndani ya nyumba ya pinioni kuna kijiti chembamba cha chuma kinachokubali kujipinda kidogo. Kikijipinda, vali inafunguka na oili ya pampu inakimbilia upande mmoja wa pistoni iliyo kwenye fimbo. Kazi ya sili, zile pete za raba, ni kuizuia oili hiyo isitoke. Kumbuka kwamba ndani ya mpira wa vumbi hakutakiwi kuwa na oili hata tone. Ukiukuta umejaa, sili ya mwisho wa silinda imeshakata tamaa. Reki nyingi zina kibomba chembamba kinachounganisha mpira wa kushoto na wa kulia ili vipumue pamoja, hivyo oili inaweza kuvujia upande mmoja na kuonekana wa pili. Usiutumie mpira uliolowa kama ramani.

Kuhusu ule mchezo wa vidole vitatu, kuna hesabu inayofumbua mengi. Kwenye gari kama lako usukani huzunguka mara tatu na kitu toka mwisho mmoja hadi mwingine, wakati matairi yanageuka nyuzi 70 hivi tu. Maana yake nyuzi moja ya ulegevu kwenye tairi utaiona kama nyuzi 16 au 17 kwenye usukani, na kwenye ukingo wa usukani wa kawaida hizo ni kama sentimita tano. Hivyo ndivyo vidole vyako vitatu. Ukizigeuza kuwa mwendo wa fimbo ya reki, unazungumzia milimita mbili. Toyota, kwa mfano, kwenye vitabu vyake vingi vya matengenezo huweka kikomo cha milimita 30 kwenye ukingo wa usukani, wewe umeshakipita.

Milimita mbili si lazima ziwe zimetoka mahali pamoja. Nusu milimita kwenye bushi, zile raba zinazoshika reki kwenye chesisi, nusu nyingine kwenye reki endi, kidogo kwenye tairodi endi ya kushoto, kidogo kwenye msalaba wa shafti ya usukani (kile kiungo kinachoiruhusu shafti kujikunja), na meno nayo yana fungu lake. Kila kiungo ukikishika peke yake utasema "hiki bado", halafu vyote kwa pamoja vinakutoa jasho barabarani. Ndiyo sababu anayebadilisha reki peke yake hurudi akilalamika kwamba ameuziwa reki mbovu.

Na ile nati ya fundi wa pili? Ipo kweli. Nyuma ya reki, mkabala na pinioni, kuna kizibo chenye springi kinachoisukuma fimbo iumane na pinioni, na nati yake ina kipimo. Tatizo ni tabia ya meno. Saa nyingi za maisha ya gari zinaisha likienda moja kwa moja, kwa hiyo meno ya katikati ndiyo yanayolika, ya pembeni yanabaki karibu mapya. Ukikaza mpaka mchezo wa katikati uishe, ukikata kona meno mazima yanabanwa kupita kiasi. Usukani unakuwa mzito pembeni na ukitoka kwenye kona haurudi wenyewe. Dereva aliyezoea kuuachia usukani ujirudishe anajikuta bado anaelekea mtaroni. Kwenye reki ambayo kizibo chake kimelegea tu, kukaza kwa kipimo cha kitabu ni matengenezo halali. Kwenye reki ya kilomita 340,000 inayovuja, ni kumpaka maiti wanja. Na ile dawa ya chupa ya kuzuia uvujaji ni hivyo hivyo: inavimbisha raba za sili kwa muda, inakununulia wiki kadhaa, kisha raba inazidi kulainika, na za pampu na mipira ya oili zinapata dozi hiyo hiyo bila kuumwa.

Haya, twende chini ya gari. Weka kigingi nyuma ya matairi, vuta breki ya mkono, matairi yote yakiwa chini na uzito wa gari uko juu yake. Injini imezimwa. Muombe mtu akae ndani autikise usukani kushoto kulia, taratibu, bila kulazimisha matairi kugeuka. Wewe lala chini ufuate msururu kuanzia juu. Usitegemee macho peke yake, shika. Kiganja kimoja kwenye shafti juu ya msalaba, kingine chini yake: ukisikia upande mmoja unatangulia na wa pili unafuata, msalaba umekwisha. Ukishuka kwenye pinioni utaona inazunguka kidogo kabla fimbo haijaenda, na hapo usihukumu haraka, maana kile kijiti cha vali lazima kijipinde kidogo injini ikiwa imezimwa. Kisha weka kidole nusu juu ya bomba la reki na nusu juu ya chesisi. Reki ikiwa inatembea kwenda pembeni kila usukani unapotikiswa, bushi zake ndizo zinazokula mchezo wako, na mara nyingi ndizo zinazopiga hiyo ko-ko. Halafu bana mpira wa vumbi kwa mkono mpaka uikamate reki endi ndani yake. Nzima utaisikia inasukuma na kuvuta bila kusita. Mbovu inakupa kamshtuko kadogo, "tik", kwenye ncha za vidole hata kabla sikio halijasikia. Malizia kwa tairodi endi, ukishika kiungo chenyewe.

Baada ya hapo inua mbele, shusha kwenye stendi. Jeki haitoshi, hata kama ni kazi ya dakika mbili. Gari lako likiwa na springi zake kwenye mkono wa chini, ule unaoshika tairi na chesisi, weka jeki chini ya mkono huo ili bolijointi, kiungo cha gololi kinachounganisha mkono na nako, ipumue, la sivyo springi itaibana na itakudanganya kwamba nzima. Shika tairi kushoto na kulia, tikisa: mchezo hapa ni wa tairodi, reki endi au reki. Shika juu na chini, tikisa: hapa ni beringi ya habu au bolijointi. Kuzitofautisha, mtu wa ndani akanyage breki wakati unatikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni bolijointi.

Na hapa naomba usome polepole. Kwenye orodha yako hukuitaja bolijointi ya chini, labda kwa sababu haivuji wala haipigi kelele ya kutisha. Reki inayovuja inakuchosha. Bolijointi ya chini ikichomoka, tairi linajilaza chini ya gari ukiwa kwenye mwendo na usukani unabaki pambo. Mwaka 2005 Toyota iliziita gereji pikapu na magari yake makubwa zaidi ya 700,000 nchini Marekani, Tacoma na Tundra zikiwemo, kwa sababu ya bolijointi za chini za mbele. Gari lako ni la rika hilo hilo, liwe la kampuni gani. Ukikuta mchezo hapo, gari lisitoke ulipo mpaka zibadilishwe, hata kama reki itasubiri mwezi.

Sasa kuhusu fundi wa tatu. "Mbele kote" ni neno rahisi kwa mtu asiyelipa. Mimi ningebadilisha pamoja na reki vitu ambavyo vinafunguliwa hata hivyo au vinakaa pembeni yake: bushi za reki, reki endi zote mbili kama reki mpya haiji nazo, tairodi endi zote mbili, mipira ya vumbi na bendi zake. Hivi vikibaki vizee utalipa alaimenti, yaani kunyoosha matairi kwa vipimo, mara mbili. Bolijointi na bushi za mikono nabadilisha zikiwa na mchezo au mpira umepasuka, si kwa sababu ya umri. Linki za stabilaiza, vile vijiti vinavyoshikilia fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona, zitazame vizuri, maana ni kitu kidogo na ndizo hodari wa ile ko-ko ya kwenye matuta. Fungua moja, ishike mkononi, igeuze gololi yake. Ikilegea kama kiganja kilichokufa ganzi, umempata mgomvi wako. Shokapu hazihusiki na mchezo wa usukani.

Kununua reki kuna milango minne. Mpya ya kampuni ni ghali na haina usumbufu. Iliyofumuliwa na kuundwa upya na mtu anayeijua kazi ni nzuri vilevile, mradi fimbo imekaguliwa na sili zote ni mpya. Mpya ya bei poa ni bahati nasibu. Wapo waliodumu nayo, na wapo walioifunga mara mbili ndani ya mwaka. Ya kutoka kwenye gari lililovunjwa ningeichukua kwa shingo upande, na kwa masharti: vua mipira ya vumbi uone fimbo, iwe inang'aa bila vidoa vya kutu. Zungusha pinioni kwa mkono toka mwisho hadi mwisho, ukiwa umeelekeza matundu ya oili mbali na uso, maana iliyobaki ndani huruka. Katikati pasiwe pameshalegea kuliko pembeni. Kubadilisha sili peke yake kunawezekana, lakini fimbo ikiwa na kutu hata ya ukubwa wa kichwa cha sindano, kila inapopita inaikwangua sili mpya, nawe unarudi ulikotoka. Yoyote utakayochukua, ilaze kando ya ya zamani kabla ya kulipa: nafasi kati ya matundu ya bolti, idadi ya mizunguko, upande wa pinioni, na kama ni ya gari la gia za mbele au la. Pikapu za jina moja zinaweza kuwa na reki tofauti.

Je, kazi unaiweza? Kwa ulivyojieleza, naona unaiweza, ila si kwa mchana mmoja, na si kama gari hilo ndilo la kukupeleka kazini kesho yake. Nitakuambia mahali watu wanapoumia, mengine utayaona mwenyewe kwa spana.

La kwanza ni usukani wenyewe. Kabla hujaitenganisha shafti na pinioni, nyoosha matairi, funga usukani usizunguke. Mkanda wa kiti ukipitishwa kwenye mikono ya usukani unatosha. Kama gari lina eabegi, ule mfuko wa hewa wa usalama, nyuma ya usukani kuna utepe wa umeme ulioviringwa kama springi ya saa, wenye mizunguko ya kuhesabika kila upande. Usukani ukizunguka ovyo shafti ikiwa imeachiwa, utepe unakatika siku ya kwanza utakapokata kona. Hili nalijua kwa sababu nililifanya. Nilikuwa kijana, nikapanda ndani kutafuta spana iliyoanguka, nikauegemea usukani, ukazunguka mara moja na nusu, nami sikuona ubaya. Jioni honi haikulia na taa ya eabegi ikawaka. Nililipa mwenyewe. Chora pia alama ya rangi inayovuka shafti na pinioni ili zirudi pale pale, na utoe waya wa betri.

Tairodi endi hazitoki kwa kupigwa kwenye nyuzi za msumari wake. Legeza nati lakini iache imeshika nyuzi kadhaa, kisha piga nyundo nzito ubavuni mwa nako, pale jicho linapoukumbatia msumari wa kiungo. Mapigo mawili matatu ya uhakika na inaachia yenyewe. Ukiwa na kivutio chake, bora zaidi. Kabla ya kuifungua toka kwenye reki endi, hesabu nyuzi zinazoonekana au pima kwa futi toka katikati ya gololi, uandike, kila upande. Mpya uifunge kwa kipimo hicho. Haitakuwa alaimenti, ila itakufikisha kwenye alaimenti bila kula matairi.

Mabomba ya oili yafungue kwa spana ya mabomba, ile yenye mdomo unaozunguka nati karibu yote. Spana ya kawaida itaifanya nati iwe mviringo, na utakesha. Kwenye pikapu za gia za mbele, kuitoa reki yenyewe ndiko kunakotesa: mara stabilaiza lazima ishuke, mara kipande cha chuma kinachovuka chini, mara difu ya mbele iteremshwe kidogo. Usilazimishe kwa mtaimbo. Izungushe reki kwa mhimili wake, itafute mlango iliyoingilia kiwandani. Kabla ya kuingiza mpya, itafute katikati yake: hesabu mizunguko ya pinioni toka mwisho hadi mwisho, gawa kwa mbili, iache hapo. Asiyefanya hivi hupata gari linalokata sana kulia na kidogo kushoto, na hakuna alaimenti itakayomwokoa.

Kotapini, vile vipini vinavyozuia nati isilegee, ziwe mpya. Tundu lisipolingana na nati baada ya kufikia kipimo, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Na ukibadilisha bushi za mikono, bolti zake zikaze kwa nguvu ya mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza tairi likining'inia, raba inagandishwa ikiwa imejipinda, na gari likishushwa raba hiyo inaishi imesokotwa hadi ipasuke mapema. Nimeziona bushi nzuri zikitupiwa lawama ambayo ilikuwa ya aliyezifunga.

Oili ndiyo inayoua reki mpya kuliko yote. Ile ya zamani imebeba unga wa chuma na vipande vya raba vya reki na pampu. Ukiijaza reki mpya na oili hiyo, umeipa mchanga inywe. Basi chomoa mpira wa kurudishia, uelekeze kwenye chupa, ziba pale ulipotoka kwenye kopo la oili, jaza safi, na umwombe mwenzako akate usukani taratibu huku ukiongeza mpaka itoke safi. Kama oili ya zamani ilikuwa nyeusi na inang'aang'aa, tazama pampu nayo kwa jicho kali. Aina ya oili imeandikwa kwenye kifuniko cha kopo au kitabu cha gari. Nyingi za umri huo hutumia oili ya giaboksi otomatiki, lakini si zote. Oili ya breki haiingii humo hata kwa bahati mbaya, inaharibu sili. Kutoa hewa: matairi ya mbele yakiwa juu, injini imezimwa, kata usukani toka mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20, ukiongeza oili inaposhuka. Kisha washa, rudia, na ukifika mwisho usishikilie zaidi ya sekunde chache, maana hapo pampu inasukuma kwenye ukuta. Ukiona povu kwenye kopo au pampu inaguna, zima, subiri povu litulie, rudia.

Kuna hali ambazo ningekuambia weka spana chini. Bolijointi za kushindiliwa kwa presi zinahitaji presi. Chesisi ikiwa na kutu au ufa pale bolti za reki zinaposhika, hiyo ni kazi ya mchomeleaji aliyebobea, na reki mpya haitafuta hatari. Oili ikiwa inadondokea bomba la moshi, usiendelee kulitumia gari wakati unakusanya vipuri, kwa sababu oili hiyo inashika moto. Usukani ukikwama au ukiwa mgumu mahali fulani kila nusu mzunguko, msalaba wa shafti umeshika kutu. Gari liburutwe, usiliendeshe. Na kama taa ya eabegi inawaka, mpe mwenye mashine ya kuisoma.

Alaimenti ifanywe siku hiyo hiyo au kesho yake, njiani uende pole. Na ukiwa pale, jambo moja. Usukani ukitoka umekaa mshazari, fundi wa alaimenti asikubaliwe kuuchomoa na kuuhamisha meno ili uonekane umenyooka. Arekebishe kwa tairodi, upande mmoja afupishe na wa pili arefushe kwa kiasi kile kile, reki ikiwa katikati. Baada ya kama kilomita 500 rudi chini na tochi: gusa kila nati kwa spana, tazama kotapini, bana mipira ya vumbi kwa vidole. Iwe mikavu.